UZI: Mteja kaleta tafsiri ya mashine, anataka bei nusu. Tuzungumze bei, hatua na yanayoharibika

MwanaVuga

Assalaam alaykum wanakalamu. Swali hili limekuwa kama daladala za Darajani, halipiti robo saa bila kurudi. Mteja anakuja na faili ambalo tayari liko kwa Kiswahili, kalitoa kwenye mashine. Anasema si kazi kubwa, lisafishe tu, na bei anayotaja ni nusu ya bei ya tafsiri, wengine robo. Nnafungua uzi mmoja tulijibu kwa hesabu, maana kulalamika tumeshalalamika vya kutosha.

Kwanza tuelewane kilichobadilika. Kabla ya ChatGPT kutoka mwishoni mwa Novemba 2022, mteja alilipia kuhamishiwa maneno kutoka Kiingereza kuja Kiswahili. Sasa kuhama kunafanyika kwa sekunde, kwa ubovu au kwa uzuri. Anachokutafutia wewe ni mdhamini: mtu atakayesema andiko hili liko sawa, na likiharibika ataulizwa yeye. Udhamini huo hauna uhusiano na idadi ya maneno uliyoyagusa. Sentensi uliyoisoma, ukailinganisha na asili ya Kiingereza ukaiwacha kama ilivyo, nayo umeifanyia kazi.

Kwa hiyo usitaje bei kabla ya kupima. Chukua maneno 300 ya asili, mia mia kutoka sehemu tatu: penye tarakimu nyingi, penye mtu anayezungumza, na karibu na mwisho. Ukurasa wa kwanza uwache. Utangulizi wa ripoti nyingi ni maneno ambayo mashine imekutana nayo mara elfu, yatakudanganya kuwa faili lote ni safi. Weka asili upande mmoja na tafsiri upande wa pili, washa saa, safisha mpaka uwe tayari kutia jina lako. Tuseme imechukua dakika 40 na faili lote lina maneno 6,000. Hiyo ni mara 20, dakika 800, yaani saa 13 na dakika 20. Ikiwa saa yako unaiuza shilingi 15,000, bei ni 200,000. Mpelekee mteja hesabu hiyo pamoja na sampuli uliyoisafisha. Wengi hunyamaza wakiona karatasi imejaa wino mwekundu.

Kisha tafsiri mwenyewe maneno mengine 300 kutoka mwanzo, kwa saa hiyohiyo. Kusafisha kukila zaidi ya theluthi mbili ya muda wa kutafsiri, mwambie utatafsiri upya kwa bei ya tafsiri. Kiraka juu ya kiraka hakivaliki.

Mengine mawili. Hesabu maneno ya asili, usihesabu ya Kiswahili. "I will not tell you" ni maneno matano, Kiswahili ni "sitakwambia", moja. Ukilipwa kwa neno la Kiswahili, ufasaha wako ndio unaokukata mfukoni. La pili, usipokee kusafisha bila asili. Mashine huruka sentensi nzima, au huangusha "si" moja na maana ikageuka, na Kiswahili kilichobaki kinasomeka vizuri tu. Bila asili huoni kitu.

MtafsiriWete

Napokea hapo hapo. Makosa ya mashine siku hizi si yale ya zamani ya kuvunjika sarufi. Sentensi imesimama, inapendeza, na imekosea. Ndiyo maana kusafisha kunachosha kuliko kutafsiri, jicho linateleza.

Ninayotafuta kwanza ni SAA. Tangazo la hoteli linasema kwa Kiingereza chai ya asubuhi ni kuanzia 7 mpaka 10. Mashine inaandika "saa 7 hadi saa 10". Mtu wa jikoni anayesoma Kiswahili ataweka meza baada ya adhuhuri. Inatakiwa saa 1 hadi saa 4. Ubaya zaidi, mara nyingine inageuza ukurasa wa kwanza halafu ikasahau wa tano. Tafuta neno "saa" faili zima, moja baada ya moja. Na usigeuze kwa upofu: "dawa saa 8 usiku" ni saa ya ukutani, lakini "kila baada ya saa 8" ni muda, huo hauguswi. Kipeperushi cha dawa ukikigeuza chote kwa pupa umeua mtu. Salama zaidi andika kama wanavyosema dirishani kwa dawa: kutwa mara tatu.

Jikoni napo. Kiingereza kina neno moja la mchele, mpunga na wali. Nazi, dafu na koroma vyote kwao ni kimoja. Nikikuta "maziwa ya nazi" najua ni tui, na "maji ya nazi baridi" kwenye orodha ya vinywaji ni dafu.

Ila linaloumiza ni UJAMAA. Mashine ikiona ndugu wa kiume wa mzazi inaandika "mjomba", bila kuuliza ni wa upande gani. Kwenye riwaya ni aibu. Kwenye karatasi za mirathi ni balaa: ami ni katika asaba (jamaa wa upande wa baba), anaweza kurithi; mjomba yumo kwenye dhawil-arhaam (jamaa wasio na fungu wala si asaba), zamu yake huja nyuma yao. Neno moja limebadilisha warithi. Ukipata karatasi ya namna hiyo, chora mti wa ukoo kwanza, mpelekee mteja auhakikishe, ndipo uguse sentensi.

Ukienda upande wa pili, Kiswahili kwenda Kiingereza, kuna jinsia. "Daktari alimwambia mgonjwa wake kuwa amechelewa." Nani mwanamke, nani mwanamme, na aliyechelewa nani? Mashine inachagua kimyakimya. Kwa hadithi, tengeneza jedwali la wahusika, jina, jinsia na cheo, ulitie mwanzo wa kila sura unayoipeleka kwenye mashine, kisha hakiki viwakilishi vyote mwishoni.

Na hili dogo, "took place" la Kiingereza likitafsiriwa neno kwa neno: "Mkutano ulichukua nafasi Chake Chake." Ulichukua nafasi ya nani?

KijanaMpendae

Hivi mbona wengine wanaandika akili mnemba, wengine akili bandia, wengine akili unde? Mie nikisikia Mnemba najua kile kisiwa kule Matemwe wanakokwenda kuzamia watalii.

MtafsiriWete

Zote tatu ni AI hiyohiyo. Yoyote utakayoshika shika hiyo kitabu kizima. Mashine inakuchanganyia zote tatu katika ukurasa mmoja. Kwa faili kubwa fungua daftari la istilahi: safu ya Kiingereza, safu ya Kiswahili ulichokubaliana na mteja, safu ya maelezo. Istilahi 40 zinatosha kwa ripoti ya kawaida.

BintiPaje

Shikamooni. Naomba msaada upande wa sauti. Kuna mahojiano ya wazee wa Makunduchi, kama saa kumi hivi, yanatakiwa yaandikwe. Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi zinafaa? Na bei yake ipigweje?

SautiYaChake

Marahaba, bibie. Inategemea nani anazungumza.

Kiswahili cha mjini, mtu mmoja, chumba kimya: mashine itakupunguzia kama nusu ya kazi. Kwa mkono, saa moja ya mazungumzo huchukua saa nne mpaka sita kuandikwa. Kwa Kikae cha wazee wa Makunduchi haikupunguzii kitu, na pengine itakuongezea, kwa sababu itaandika Kiswahili sanifu cha kubuni na wewe utatumia muda kukifuta. Programu ya Whisper, ambayo OpenAI, wenye ChatGPT, waliitoa Septemba 2022, ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti, na Kiswahili humo kilikuwa tone tu. Kikae kitatoka wapi?

Hata Kiunguja cha kawaida inakikosea. "Sijui kenda wapi", yaani kaenda, inaweza kukuandikia "kwenda", na hata ikiandika sawa, andiko likienda kwenye Kiingereza "kenda" anaweza kuwa tisa. "Kaja" inageuka "kuja". "Nnakwambia" inapoteza n moja. Kwa ripoti ya asasi hayo huenda yasidhuru, lakini kwa tasnifu ya lahaja hiyo n ndiyo utafiti wenyewe.

Ikiwa bado hujarekodi, sauti itengenezwe hapo mwanzo. Rekodi kwa programu inayotoa WAV (sauti isiyobanwa), chaneli moja, 16 kHz. Ndicho kipimo Whisper inachokitumia ndani, zaidi ya hapo unajaza simu tu. Saa moja ni kama MB 115, saa kumi hazijafika GB 1.2. Zima pangaboi. Simu iweke juu ya kanga iliyokunjwa, sentimita 20 hivi kutoka mdomoni kwa mzungumzaji, isigusane na meza inayogongwa na vikombe. Angalia na wakati wa adhana. Na usitumiane faili kama sauti ya WhatsApp, inabanwa na ubora unapungua.

Linaloharibika zaidi ni ukimya. Whisper husikiliza vipande vya sekunde 30. Mzee akinyamaza anafikiri, mashine haikubali kunyamaza naye: inaandika sentensi ambayo hakuna aliyeisema, au inarudia ya mwisho mara sita. Kwa hiyo kata ukimya mrefu kabla ya kuipelekea, na kila ukiona sentensi nzuri kupita kiasi rudi kwenye sauti. Pasiposikika andika [haisikiki 00:14:32], usikisie.

Bei: lipisha kwa dakika ya sauti, na utaje viwango viwili, cha sauti safi na cha lahaja au kelele. Sikiliza dakika tano za katikati kabla ya kukubali. Na wazee hao waliambiwa sauti zao zitapita kwenye mashine ya nani? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ipo tangu 2022. Whisper inaweza kukaa kwenye kompyuta yako na kufanya kazi bila intaneti, basi itumie hivyo.

FundiKitabu

Nimekaa kimya nikisubiri mtu ataje ng'. Hakuna. Haya.

Andika Ng'ambo kwenye simu, kisha andika Ng'ambo kwenye Word. Kwa jicho ni moja, kwa kompyuta ni maneno mawili. Simu nyingi zinatia alama iliyonyooka, Word inaikunja. Wengine wanatia ile ya kona ya juu kushoto ya kibodi, hiyo ya tatu. Matokeo yake: unatafuta "ng'ombe" kitabu kizima nje ya Word unapata 12 kumbe wako 31, faharasa inatoka na vichwa viwili vya neno moja, na programu nyingine ikidhani nukuu imefungwa inakata neno ikabaki "ng" na "ombe".

Dawa yake: kwenye Word zima kwanza ile mipangilio inayokunja alama za nukuu unapoandika. Kisha fungua tafuta-na-badilisha, tafuta ng' badilisha kwa ng', badilisha zote. Inaonekana upuuzi kubadilisha kitu kwa kitu hichohicho, lakini Word ikitafuta haibagui iliyonyooka na iliyokunjwa, na ikibadilisha inaandika ulichoandika wewe. Ile ya kona ya kibodi itafutie mara yake peke yake. Fanya hivyo hivyo kwa n' ikiwa mazungumzo yako yana "n'kwambie". Usitafute alama tupu bila herufi, utavuruga nukuu zote za kitabu. Unataka zilizokunjwa kwa ajili ya kuchapa? Washa mipangilio, rudia zoezi.

EPUB sasa, yaani faili la kitabu cha kusomwa kwenye simu. Programu ya Calibre inakugeuzia faili la Word bila malipo, lakini ingia kwenye maelezo ya kitabu uweke lugha kuwa Kiswahili. Msimbo wake ni sw. Watu wanaliruka hili, kisha msomaji asiyeona anabonyeza simu imsomee, simu inasoma Kiswahili kwa ulimi wa Kiingereza.

Mashairi ndiyo yanayovunjika kuliko kitu chochote. Mshororo wa mizani 16 una kama herufi 35 mpaka 40, na simu ikiwekewa maandishi makubwa haiuchukui. Ukitenganisha vipande viwili kwa kubonyeza tabo, kwenye simu utapata ngazi za kupandia minazi. Kila kipande kipe mstari wake, cha pili kiingie ndani kidogo kwa mtindo wa aya. Angalia kwenye simu halisi, herufi kubwa kabisa, kabla hujampa mtu.

Na wanaouza kwenye Amazon: soma orodha ya lugha zinazokubaliwa kabla ya kupakia. Usiandike Kiingereza ili kitabu kipite, kinaweza kuondolewa baadaye. Tangu Septemba 2023 wanakuuliza kama maandishi, picha au tafsiri vimetengenezwa na akili mnemba. Vikitengenezwa nayo unatangaza, hata kama umevihariri sana. Ikiwa umeandika mwenyewe na mashine ikakusaidia kusahihisha, hutakiwi kutangaza. Mwezi huohuo waliweka kikomo cha vitabu vipya vitatu kwa siku kwa akaunti moja. Mwandishi wa watu anayeona vitatu kwa siku ni vichache, namtafuta.

MkaziWaKikwajuni

Mnahangaika bure. Simu ya mtoto wa skuli inaandika insha. Baada ya miaka mitano hakuna kazi ya uandishi visiwani.

MwanaVuga

Zilizokwisha zimekwisha, tusidanganyane. Maelezo ya vyumba vya hoteli, barua za kuombea kazi, maneno ya chini ya picha za bidhaa, muhtasari wa mkutano: anayetegemea hayo peke yake atafute jengine. Lakini mahali pengine pamefunguka. Anayejua kutia maandishi ya chini kwenye filamu ana kazi kila msimu wa ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, na katikati yake. Hapo mashine inatoa rasimu, mtu anabana: mistari miwili kwa mara moja, herufi zisizidi 42 kwa mstari, msomaji apewe kama herufi 17 kwa sekunde. Kiswahili kinabana vibaya, "hawajanifahamisha" peke yake ni herufi 17, sekunde nzima imekwisha. Faili la SRT, ndilo la maandishi hayo ya chini, lihifadhiwe kwa UTF-8, na kwenye muda kabla ya elfu za sekunde ni mkato, 00:01:12,400, si nukta. Ukitia nukta vichezeo vingine havionyeshi kitu.

Insha za skuli na vyuo zina tatizo lake. Programu za kukamata maandishi ya mashine msiziamini. OpenAI wenyewe walitoa yao Januari 2023 wakaiondoa Julai kwa kukosa usahihi. Utafiti wa Stanford wa mwaka huo ulikuta programu za namna hiyo zinawatia hatiani zaidi ya nusu ya waandishi wa insha za Kiingereza ambao Kiingereza si lugha yao. Ukishutumiwa na mteja, mpelekee rasimu zako zenye tarehe. Kwa hiyo washa historia ya matoleo tangu siku ya kwanza.

SautiYaChake

Ongeza kazi ya kufundisha mashine yenyewe. Kuna wanaolipa watu wasome sentensi za Kiswahili, au wapime majibu mawili wachague lililo bora. Someni masharti. "Saa moja ya sauti" mara nyingi ni saa iliyokubaliwa, na kuipata unaweza kusoma saa mbili na nusu. Angalia nani anaamua kukataa na kama anatoa sababu. Angalia kama sauti yako inachukuliwa kwa kazi moja au kwa matumizi yote milele, maana ukisaini la pili unaweza kujisikia ukitangaza sabuni usiyoijua.

Common Voice, mkusanyiko wa sauti wa Mozilla, ni wa kujitolea na unajulikana wazi, lakini sauti na sentensi humo zinawekwa chini ya CC0. Maana yake umeachia haki zote. Toa sentensi ulizotunga kwa ajili hiyo, usitoe kipande cha riwaya yako.

KhatiZaKale

Na kuna soko ambalo watu wa Bara hawatushindi: maandiko ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, majumbani na kwenye hifadhi ya Nyaraka pale Kilimani. Programu kama Transkribus inaweza kufundishwa kusoma mkono wa mwandishi mmoja. Wenyewe wanashauri uanze na maneno 5,000 mpaka 15,000 uliyoyaandika kwa usahihi mstari kwa mstari. Ukiwa na barua kumi za mikono kumi, usihangaike nayo.

Hata ikisoma herufi sawa, nusu ya kazi imebaki. Waandishi wengi wa zamani hawakutenga p na b, wala f na v, irabu e inakaa na i, o na u, na ile nuni au mimu mbele ya herufi nyingine haiandikwi: nyumba utaikuta "nyuba". Mashine inakupa mifupa, nyama anatia anayejua lugha. Kwa hiyo toa maandishi mawili, herufi kwa herufi na yaliyosomwa, na ulipishe yote mawili.

MwanaVuga

Swali la mkataba nimeulizwa faraghani mara tatu, nalijibu hapa. Mimi si wakili, mwenye kazi kubwa aende kwa wakili.

Hakimiliki yako inazaliwa ukishaandika, haisubiri muhuri. Usajili ni ushahidi. Hapa tuna Sheria ya Hakimiliki Namba 14 ya 2003 na ofisi yake ni COSOZA. Bara wana sheria yao ya 1999 na COSOTA. Kitabu kinachovuka bahari kifikirie pande zote mbili. Wanaotoa simulizi kwa vipande WhatsApp na kukuta zinasomwa YouTube kwa sauti ya mashine: kabla ya kurusha sehemu ya kwanza, hakikisha andiko lote limekamilika na lina tarehe mahali ambapo huwezi kuibadilisha, hata barua pepe uliyojitumia ni bora kuliko hakuna. Marekani mahakama zimeshikilia kuwa kazi iliyotengenezwa na mashine peke yake haina hakimiliki, basi usijisifu hadharani kuwa "imeandikwa na AI" kitu ambacho asilimia kubwa ni jasho lako.

Vifungu vya kutia kwenye mkataba, kwa Kiswahili cha kawaida: mteja ataje kama andiko alilolileta limetoka kwenye mashine, wewe utaje unatumia programu gani, faili lako lisipelekwe kufundishia mashine bila idhini ya maandishi, na makosa yaliyoko kwenye asili si dhamana yako. La kwanza si uzushi wetu. Waandishi wa filamu na televisheni Marekani waligoma siku 148 mwaka 2023, na mkataba walioupata uliwalazimisha wenye studio kumwambia mwandishi wakimpa kitu kilichotengenezwa na akili mnemba. Na mashine haihesabiwi kuwa mwandishi.

MalengaWaMsuka

Mmenisahau mimi. Mashine haijui mizani, na sababu yake ni nyepesi. Haisikii silabi. Neno linaingia limekatwa vipande kwa hesabu zake: "hawatakusikiliza" inaweza kuliona vipande vinne au vitano visivyolingana na ha-wa-ta-ku-si-ki-li-za. Ukiiambia mizani 16 inakubali kwa adabu zote, inakupa 14.

Watu wakaja na ujanja, programu ya kuhesabu irabu. Inafika mbali, kisha inaanguka kwenye m. "Nyumba mbaya": nyu-mba-mba-ya, irabu nne, mizani minne, sawa. "Mtu mbaya": m-tu-m-ba-ya, irabu tatu, mizani mitano. Mbaya wa mtu ana silabi tatu, mbaya ya nyumba ina mbili, na zimeandikwa sawasawa herufi kwa herufi. Nchi ni mbili, mbwa ni mbili, mbuzi ni mbili, na ni mbuzi peke yake mwenye irabu mbili. Tumia programu kushuku, sikio lihukumu. Gonga meza kwa kidole.

KijanaMpendae

Malenga, hebu hesabu hii, imetoka sasa hivi:

Kalamu ni rafiki, mwenye hekima nyingi
Huandika mambo mengi, ya furaha na huzuni

MalengaWaMsuka

Wa kwanza saba na saba. Wa pili nane na nane. Kina cha kati kimetoka ki kikenda ngi, cha mwisho ngi kikenda ni. Na kalamu rafiki imeshachoka, iwacheni ipumzike. Tazama kilicho mbele yako ndugu yangu, uandike hicho:

Dagaa wamemwagika, juani wananukia
Mchanga ukishawaka, kunguru wanavizia

Miwili iliyobaki malizia wewe, kwa ka na a. Ukiipa ile programu ya irabu, mshororo wa pili itakwambia una 15.